Tujifunze kuutazama mstari kabla ya kusifu kufanana

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji nieleze jambo lililonikaa moyoni kwa muda mrefu, ambalo makala ya ukurasa wenu wa utamaduni ya majuma mawili yaliyopita imenifanya nishindwe kulinyamazia. Makala hiyo ilimsifu kijana mmoja aliyechora kwa penseli sura ya mzee mwenye kofia ya viua, na sifa yote aliyopewa, kuanzia kichwa cha habari hadi aya ya mwisho, ilikuwa ni moja tu: kwamba kazi yake huwezi kuitofautisha na picha iliyopigwa kwa kamera. Mwandishi alitaja idadi ya saa alizotumia kijana huyo, akataja ndevu zilizochorwa unywele mmoja mmoja, akataja mng'ao wa mboni za macho. Juu ya mstari hakusema neno, na juu ya umbo hakusema neno.

Kwa kijana mwenyewe sina ila heshima. Nimefundisha uchoraji katika shule za sekondari kwa miaka 31, na ninajua vizuri jinsi shingo inavyouma na vidole vinavyokufa ganzi mtu anapoinamia karatasi kwa siku nyingi. Ninachokilalamikia ni kipimo tulichozoea kukitumia, kwa maana sifa ya namna hii ndiyo inayotolewa pia kwenye maonyesho ya shule, kwenye mitandao ya kijamii, na hata nyumbani mzazi anapofunguliwa daftari la mwanawe: "Aisee, kama picha!" Mchoraji chipukizi akiisikia sifa hiyo mara kumi hatatafuta nyingine. Ataacha kumtazama mtu aliyekaa mbele yake, atachukua simu, atapiga picha, ataigawa kwa viboksi, kisha atainakili kiboksi kwa kiboksi hadi aimalize, na katika kazi hiyo yote hatakuwa amejiuliza hata mara moja mfupa uko wapi, uzito umeegemea wapi na mwili unageukia wapi.

Naomba msomaji afanye jaribio dogo kabla hajaendelea. Unyooshe mkono wako mbele ya dirisha, kisha uutazame ukingo wake kuanzia begani hadi kwenye kifundo. Hutaona mstari wowote. Kuna ngozi, kuna mwanga, kuna ukuta ulio nyuma, lakini mstari haupo. Mahali ambapo mchoraji huuweka mstari ni pale nyama inapojiviringa na kwenda upande wa pili, ambako jicho haliwezi kuifuata. Kwa hiyo mstari hutoa habari ya jambo lisiloonekana: unatuambia kwamba mwili haukuishia hapo, umegeuka tu. Mchoraji anayelijua hilo huchora mstari unaokolea na kufifia, unaokatika na kuibuka tena. Asiyelijua huuzungushia mwili waya, na mwili uliozungushiwa waya huwa bapa kama karatasi iliyokatwa kwa mkasi.

Sisi watu wa Pwani hatupaswi kuliona jambo hili kuwa geni, kwa sababu tunaye fundi anayelifanya mbele ya macho yetu kila penye harusi. Mtazame fundi wa hina na piko anapompamba bibi harusi. Anaanza ua nyuma ya kiganja, analishusha jani kando ya kidole, na pale kidole kinapojiviringa anaupinda mstari uufuate mviringo, ili ua lisivunjike mkono unapogeuzwa. Akiikandamiza koni mstari unanenepa, akiulegeza mkono unakonda, na mwishoni anainua ncha ili mstari uishe wenyewe bila kukatwa. Hakuna unene pale usio na sababu, na hakuna mstari unaopuuza mkono uliochorwa juu yake. Wanawake waliokulia katika mambo hayo huweza kukuambia papo hapo fundi yupi ana mkono na yupi hana, tena bila kupepesa macho. Jicho hilo hilo ndilo ninaloomba lihamishiwe kwenye karatasi.

Nyumbani kwangu nina mchoro ambao nimeuhifadhi tangu mwaka 1998. Ulichorwa na mwanafunzi wangu wa kidato cha pili, kwa penseli ya kawaida ya HB, juu ya kipande cha karatasi ya manila, na unamwonyesha bibi yake akikuna nazi. Bibi amekaa upande juu ya mbuzi, ameinama, mikono yake miwili imekishika kifuu kwenye meno ya chuma, na sinia liko chini. Sehemu kubwa ya mchoro ule ni mstari mmoja tu, unaoanzia kwenye ukosi na kuteremka na mgongo. Unaanza mwembamba, karibu hauonekani, chini ya ukingo wa mtandio. Unapofika kati ya mabega unakolea, kwa sababu hapo ndipo mgongo unapopinda na mifupa kukisukuma kitambaa. Kisha, juu kidogo ya kiuno, unakatika. Inabaki nafasi ya upana wa kidole, karatasi tupu isiyoguswa, na baada ya nafasi hiyo mstari unaibuka tena pale khanga ilipofungwa, unateremka kwenye nyonga, na unapofika kwenye ubao wa mbuzi unakuwa mweusi na mnene kuliko mahali pengine popote, hata penseli imeacha bonde kwenye manila. Ukipitisha kidole nyuma ya karatasi unalisikia. Pale ndipo uzito wote wa bibi ulipokaa.

Uso hakuuchora, au tuseme aliuchora kwa mistari mitatu: wa paji, wa shavu na wa kidevu. Macho hayapo, kwa kuwa bibi alikuwa anaitazama nazi. Siku ya maonyesho ya shule, mgeni aliyealikwa kuwa mwamuzi aliupita mchoro ule akisema kwamba haujamalizwa, na zawadi akapewa mwanafunzi aliyenakili sura ya mwanamuziki kutoka kwenye jalada la gazeti. Jioni ile bibi mwenyewe alikuja kumchukua mjukuu wake. Alisimama mbele ya mchoro kwa muda, halafu akaweka kidole kwenye ile nafasi tupu juu ya kiuno, akasema, "Hapa ndipo panaponiuma." Hakuna aliyekuwa amemwambia kijana kwamba bibi yake ana maumivu mahali pale. Aliona tu kwamba kila bibi anapokisukuma kifuu mgongo wake unasita, na mkono wa mjukuu ukasita pamoja nao.

Kamera ingeuchukua mgongo ule wote sawasawa, unyuzi kwa unyuzi wa kitambaa, na pale pa maumivu pangekuwa sawa na mahali pengine pote. Penseli humlazimisha mtu aamue. Kila mstari anaouweka na kila mstari anaouacha ni uamuzi wake, na sisi watazamaji tunapousoma mchoro tunausoma uamuzi huo.

Waliobobea katika kazi hii huko Ulaya walilijua jambo hilo. Jean-Auguste-Dominique Ingres, Mfaransa aliyezaliwa mwaka 1780, aliishi Roma kwa miaka mingi, na utawala wa Napoleon ulipoanguka mwaka 1815 wateja wake wakubwa walitoweka nao. Akajitafutia riziki kwa kuwachora kwa penseli wageni, wengi wao Waingereza, waliofika kuutembelea mji ule. Mwenyewe alitaka aheshimiwe kwa michoro yake mikubwa ya rangi, lakini leo wapo wengi, nami nikiwa mmoja wao, tunaoziona karatasi zile ndogo kuwa kilele cha kazi yake. Mchoro wake wa mpiga fidla Niccolò Paganini, wa mwaka 1819, unaohifadhiwa katika makumbusho ya Louvre mjini Paris, unakaribia ukubwa wa karatasi ya A4. Uso umetiwa kivuli kwa uangalifu mkubwa, hata unaliona shavu likizama chini ya mfupa wake. Ukishuka kwenye koti, kivuli karibu chote kinaisha na inabaki mistari: wa bega, michache ya mikunjo ya mkono, mingine iliyopitishwa haraka kama mtu anayeweka sahihi. Na bado ndani ya koti lile mna mtu. Bega lina mfupa, kiwiko kimekunjwa, na kifua kinalijaza koti.

Siamini hata kidogo kwamba Ingres aliliacha koti vile kwa uvivu. Jicho la mtazamaji huenda kwanza palipofanyiwa kazi nyingi, kisha huhitaji mahali pa kupumzika, na mchoraji asiyelipatia mahali hapo hulichosha. Alitumia penseli ngumu iliyochongwa ikawa kali, juu ya karatasi nyeupe laini, kwa hiyo hakuwa na weusi wa kujifichia. Mstari ukikosewa kwenye karatasi kama ile kosa linabaki wazi. Ndiye aliyesema kwamba mchoro ni uadilifu wa sanaa. Na Edgar Degas, Mfaransa mwingine aliyekuja kuwa mchoraji mashuhuri, alipokwenda kumwona mwaka 1855, akiwa kijana wa miaka 20 au 21, ushauri aliopewa, kwa jinsi Degas mwenyewe alivyousimulia baadaye, ulikuwa achore mistari, mistari mingi, kwa kutazama na kwa kukumbuka. Nimewapa wanafunzi wangu ushauri huo miaka yote, na sehemu ya pili yake, ile ya kukumbuka, ndiyo iliyowafaa zaidi, kwa sababu mtu hawezi kuuchora kwa kumbukumbu mkono ambao hakuuelewa alipokuwa anautazama.

Egon Schiele, mchoraji wa Vienna, Austria, aliyefariki kwa homa ya mafua mwaka 1918 akiwa na umri wa miaka 28, alikwenda njia nyingine kabisa. Mstari wake ni mkavu, una kona kali, na mara nyingi mtu wake hana kivuli wala sakafu ya kukanyaga. Mkiweka mchoro wake kando ya ule wa Ingres mtaona kwamba wote wawili wanasema kweli juu ya mwili, na kwamba hakuna mtu atakayekosea akidhani huu ni wa yule.

Inafaa tukijue na chombo chenyewe. Kilichomo ndani ya penseli ni kinywe, madini yale yale ambayo magazeti yetu huyaandika kila yanapoizungumzia migodi ya Mahenge na Ruangwa. Huko Uingereza kinywe safi kilichimbwa Borrowdale tangu karne ya 16, na Ufaransa ilipokikosa kwa sababu ya vita, Nicolas-Jacques Conté alibuni njia ya kuchanganya unga wa kinywe na udongo wa mfinyanzi na kuuchoma tanuruni, akapewa hati ya ubunifu huo mwaka 1795. Udongo ukizidi, penseli inakuwa ngumu na mstari wake mpauko, nazo ndizo zenye herufi H. Ukipungua, penseli inakuwa laini na nyeusi, nazo ndizo zenye herufi B. Vijana hunilalamikia kwamba madukani hupatikana HB peke yake. Nakubali kwamba 2B na 4B zingewafaa, lakini HB iliyochongwa vizuri kwa wembe, si kwa kichongeo kinachoifanya ncha kuwa fupi, inatosha kabisa kumfundisha mtu mstari. Bibi yule wa nazi alichorwa kwa HB.

Hunifurahisha kuwaza kwamba penseli ni udongo uliochomwa, ndugu yake chungu, kwa sababu lugha yetu imeliunganisha neno umbo na kuumba, kazi ya mfinyanzi. Anayechora umbo anaumba. Anataka mtazamaji ahisi kwamba angeweza kupeleka mkono nyuma ya kichwa kile na kukuta kisogo. Na hapa ndipo ninaporudi kwenye mchoro wa mzee mliouchapisha, kwa sababu niliutazama kwa muda mrefu na nisingependa nionekane nimeuhukumu bila kuusoma.

Kofia ya viua imenakiliwa tundu kwa tundu, na ni kazi ya kustaajabisha. Lakini ukingo wa kofia unapita juu ya paji la uso ukiwa umenyooka kama rula. Kofia halisi huzunguka kichwa, na kichwa kina umbo la yai, kwa hiyo ukingo wake lazima upinde: ukimtazama mtu kwa chini unapinda kama upinde wa mvua, ukimtazama kwa juu unapinda kama bakuli. Msomaji anaweza kulithibitisha hilo kwa bangili. Mvalishe mtu bangili, mwambie aunyooshe mkono kuelekea kwako kisha aurudishe, na utaona jinsi mpindo wa bangili peke yake unavyokuambia mkono unakuja au unakwenda. Mistari ya kutia kivuli nayo inatakiwa kufanya kazi hiyo ya bangili, iuzunguke mkono, ilizunguke shavu. Siku hizi vijana wengi huisugua yote kwa kidole au kwa pamba hadi ngozi ikawa kama moshi. Ulaini umepatikana, na umbo limepotea. Chini ya kidevu cha mzee kuna kivuli cheusi tii, ilhali mzee amevaa kanzu nyeupe, na kila aliyewahi kukaa barazani na mzee mwenye kanzu nyeupe mchana ameona jinsi mwanga unavyoruka kutoka kifuani na kuuangaza upande wa chini wa kidevu. Simu haikuuonyesha mwanga huo, basi naye hakuuchora. Pua pia imezidi na masikio yamerudi nyuma, kosa ambalo ni la simu iliyoshikwa karibu mno na uso, na mchoraji amelibeba bila kujua kwamba ni la simu.

Hata hivyo, chini ya jicho la kushoto upo mkunjo mmoja wa shavu unaoanza umekolea karibu na pua, unafifia unapokwea mfupa, na kutoweka kabla haujafika sikioni. Pale kijana aliiacha picha ya simu akamtazama mzee. Ni mstari wa sentimita mbili au tatu, lakini ni mstari wa mchoraji, na mwandishi wa makala aliyekwenda kumhoji angemfanyia wema mkubwa mno kama angeuweka kidole hapo na kumwambia, "Hapa umefanyaje?"

Najua hoja itakayotolewa, kwa sababu nimeisikia kwa wakuu wa shule zaidi ya mmoja: kwamba kuujua mwili kunahitaji kuwachora watu uchi, kama vyuo vya sanaa vya Ulaya vilivyofanya kwa karne nyingi, na kwamba kwetu jambo hilo halina nafasi. Sikubaliani na hoja hiyo, na miaka yangu 31 ndiyo ushahidi wangu. Nguo haiufichi mwili kwa mchoraji mwenye jicho. Nguo hukunjika kwa sababu, na sababu hiyo daima ni kiungo fulani kinachoishikilia au kuivuta: bega, kifua, nyonga, goti. Khanga iliyofungwa kiunoni ina fundo, na kutoka kwenye fundo lile mikunjo hutawanyika kama miale, yote ikienda mahali paja linapoisukuma. Buibui huanguka moja kwa moja kutoka begani mwa mwanamke aliyesimama wima, lakini akimbeba mtoto ubavuni linasimulia habari nyingine.

Mtazameni mama huyo kituoni anaposubiri daladala. Mtoto yuko upande wa kushoto, basi nyonga ya kushoto imepanda ili mtoto aikalie kama kiti, na bega la upande huo limeshuka kuikaribia. Uzito wote umeingia katika mguu mmoja, wenye kisigino kilichokandamiza ardhi, na mguu wa pili umelegea goti limekunjika. Uti wa mgongo, ili mama asianguke, umepinda kidogo. Mwanafunzi anayeweza kuiona mistari miwili inayokaribiana, wa mabega na wa nyonga, amekwisha kuuchora mwili wa mama yule kabla ya kuigusa sura yake, na hakumwomba avue hata ukaya. Wapo wasomaji ambao imani yao inawazuia kuchora viumbe vyenye roho. Hao nawaheshimu, na ninayoyasema hapa ni kwa wale wanaochora.

Wala tusidhani kwamba haya ni mambo ya kuazima. Nilipopanda miamba ya Kolo, wilayani Kondoa, nilikuwa tayari mwalimu mzoefu, na nilishuka nikiwa kama mwanafunzi. Michoro ile, ambayo UNESCO iliiingiza katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2006, inawaonyesha watu kwa rangi nyekundu juu ya jiwe, warefu na wembamba kupita maumbile, baadhi miili yao ikiwa imejazwa mistari myembamba inayoteremka kutoka shingoni hadi miguuni. Hawana nyuso za kutambulika. Lakini unajua nani ameinama na nani amesimama, na pale miili inapoegemeana unaona nani anamwegemea nani. Aliyechora alikuwa na mstari tu, juu ya mwamba wenye mabonde na vilima vyake, na akausema mwili.

Mzee Elimo Njau, mchoraji wetu aliyezaliwa mwaka 1932 na kuanzisha nyumba ya sanaa ya Paa ya Paa mjini Nairobi, aliwaonya wasanii kwamba wasiige, kwani kuiga humlaza Mungu usingizi. Maneno hayo nilikuwa nayaandika ubaoni kila mwanzo wa muhula. Wanafunzi walidhani nawakataza kuigana wao kwa wao. Nilikuwa nawakataza kuiga simu, hata kabla simu zenyewe hazijawa na kamera nzuri. Wakati ule tulikuwa tunakuita kuiga kalenda, yaani kunakili picha za kwenye kalenda.

Sasa, Ndugu Mhariri, ninalokuomba haligharimu fedha. Mnapochapisha mchoro wa penseli, andikeni chini yake ukubwa wa karatasi, aina ya penseli, na kama mtu aliyechorwa alikaa mbele ya mchoraji au alichorwa kutoka kwenye picha. Kazi ya upana wa meta moja na kazi ya upana wa kiganja haziwezi kusomwa kwa jicho moja, na ukurasa wa gazeti huzifanya zote kuwa sawa. Msiukate mchoro ili ulingane na safu. Ile karatasi tupu pembezoni mwa mtu ni sehemu ya mchoro, na mara nyingi ndiyo inayomfanya asimame. Mpiga picha wenu auelekeze mwanga kutoka ubavuni, kwa sababu kinywe kina mng'ao wake, na taa ya kamera ikipigwa mbele weusi wote hugeuka kijivu, kama ilivyotokea kwenye shavu na shingo ya mzee yule. Na mkipata nafasi, hata mara moja kwa mwezi, chapisheni kipande kidogo cha mchoro kwa ukubwa wake halisi, mkono tu au sikio tu, ili msomaji aliyeko Kigoma au Mtwara, ambaye pengine hatafika kwenye maonyesho ya Dar es Salaam maisha yake yote, auone mstari ulivyopita.

Mwandishi wa ukurasa huo naye nampa swali moja la kumuuliza kila mchoraji atakayemhoji, badala ya kumuuliza alitumia saa ngapi: ni kitu gani ulikiona ukaamua kutokichora? Mchoraji wa kweli ana jibu, na jibu lake litaijaza makala nzima.

Kuhusu mchoro wa bibi, nipo tayari kuuleta ofisini kwenu mwenyewe mkinijulisha siku. Ninaomba tu usibanwe kwenye mashine ya kunakilia, kwa sababu manila imezeeka, na lile bonde pale nyonga inapokutana na ubao wa mbuzi limeanza kupasuka.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu mstaafu wa sanaa,
Tanga